Saa nane kasoro dakika nane: faili moja, mikono minne, na lawama iliyoangukia pasipo

Simu ya kwanza iliingia saa kumi na moja na robo alfajiri. Alikuwa wakala wetu wa stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Nyuma yake nilisikia honi na watu wanabishana. "Kaka, watu wamelipa, hela imekatwa, tiketi haziji. Basi la Mbeya linatoka saa kumi na mbili. Niwaambieje?"

Nilikuwa macho tayari. Likumbuke hilo, litarudi.

Tulikuwa watu watano kwenye chumba kimoja Sinza, tunaendesha mfumo wa kukatia tiketi za mabasi. Mfumo ulikuwa na faili moja la mipangilio, sisi tukiliita konfigi, lenye mistari kama mia nne. Humo mlikuwa na kila kitu: nauli, saa za kuondoka, kamisheni za mawakala, anwani ya hifadhidata, na ufunguo wa siri unaothibitisha kwamba taarifa ya malipo imetoka kweli kwa kampuni ya malipo na haikutungwa na mjanja fulani. Wenye mkono kwenye faili hilo tulikuwa wanne: mimi, mwenzangu niliyeanzisha naye kazi, dada wa mahesabu aliyekuwa akibadili nauli mwenyewe, na dogo aliyekuja fildi kutoka chuo. Wote tuliingia kwenye seva kwa akaunti moja ya root, yaani ile yenye mamlaka yote, na nywila yake ilikuwa imebandikwa juu kabisa kwenye kundi letu la WhatsApp.

Kufuli letu lilikuwa ujumbe. Unaandika kundini, "Naingia kwenye konfigi, msiguse." Ukimaliza unaandika, "Nimetoka." Kwa miezi minane utaratibu huo haukutuangusha, ndiyo maana tuliuamini. Sasa nikiuwaza naona tulikuwa na bahati tu. Ujumbe haumzuii mtu aliyeishiwa bando, wala aliyelala, wala yule aliyeandika "naingia" akaitwa kwenda kula akasahau kuandika "nimetoka", hata wengine wakazoea kutomsubiri.

Jumatano jioni nililipakua faili kwenye laptopu yangu ili nibadili nauli za njia tatu. Umeme ukakatika, nikaondoka nalo nyumbani. Sikuandika kitu kundini kwa sababu sikuwa "nimeingia" popote, faili lilikuwa kwangu. Saa tatu usiku mwenzangu akaingia seva akabadili ufunguo wa malipo, kwani tulikuwa tumetakiwa kuweka mpya. Akajaribu, malipo yakapita, akaandika "Nimetoka", akalala. Mimi nikaamka alfajiri kabla ya adhana, nikamalizia zile nauli, nikapandisha faili, nikawasha huduma upya, nikafunga laptopu nikiwa nimejipongeza kwa kuwahi.

Nilichopandisha ni faili zima la jana jioni. Ufunguo mpya ukafunikwa na wa zamani. Kuanzia hapo kila taarifa ya malipo iliyofika ilipimwa kwa ufunguo uliokwisha muda wake, ikaonekana feki, ikatupwa. Abiria anakatwa hela, kampuni ya malipo inatuarifu, sisi tunakataa kusikia. Hakuna kosa lililojitokeza kwenye skrini yoyote. Mfumo ulifanya sawasawa ulichoambiwa.

Mwenzangu alirudisha ufunguo saa kumi na mbili na nusu. Basi la Mbeya lilikuwa limeshapita Kibaha. Abiria 41 walikuwa wamelipa bila kupata tiketi. Wengine walilipa mara ya pili kwa fedha taslimu dirishani, wengine wakarudi nyumbani na mizigo yao. Kuwarejeshea wote kulituchukua siku tisa. Ukijumlisha fidia, hasara ilikaribia Sh 1,700,000, na kampuni moja ya mabasi iliyokuwa inatujaribu haikupokea simu zetu tena.

Sehemu ninayoionea haya zaidi ilifuata saa mbili asubuhi.

Kabla ya kulirekebisha faili, mwenzangu alikuwa ameandika pembeni lilibadilishwa lini. Seva ilikuwa imemwambia 01:52. Saa nane kasoro dakika nane usiku! Nani alikuwa macho saa hizo? Orodha ya walioingia ilionyesha root, root, root, hadi chini. Nikauliza, dogo akasema bila kuficha kwamba yeye alikuwa macho hadi saa tisa akijisomea, tena juzi yake aligusa faili hilo kuongeza wakala wa Morogoro. Sikuhitaji zaidi. Nilimfokea mbele ya watu wote, nikamwambia hiki si chuo, hapa ukikosea watu wanalala stendi. Alijaribu kusema "Lakini kaka, mimi sikuingia," nikamkata.

Dada wa mahesabu hakusema kitu. Alikuwa na karatasi ya malipo mbele yake na kalamu. Baada ya kama nusu saa akaita, "Hebu njooni." Kuna mtu alinunua tiketi ya Iringa saa tisa na dakika arobaini usiku, na tiketi yake ilitoka vizuri. Malipo ya kwanza kukwama yalikuwa ya saa kumi na moja kasoro dakika mbili. "Sasa kama faili liliharibiwa saa nane," akasema, "huyu wa Iringa alipataje tiketi?"

Seva ilikuwa kwenye saa ya UTC, saa ya rejea ya kimataifa. Sisi tuko saa tatu mbele. 01:52 ya seva ni 04:52 ya Dar es Salaam, na saa kumi na moja kasoro dakika nane alfajiri kulikuwa na mtu mmoja tu wa ofisi yetu aliyekuwa macho na faili hilo mkononi.

Nilijua papo hapo. Nilinyamaza mpaka chai ya saa nne. Kisha nikasimama, nikasema, na nikamwomba dogo radhi mbele ya wale wale walioniona nikimfokea. Akajibu, "Haina shida, kaka." Ilikuwa na shida. Kwa wiki mbili hakugusa seva kabisa, hata kwa kazi niliyompa mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoelewa ubaya wa akaunti ya pamoja. Tulikuwa tunaiogopa kwa sababu ya wezi. Kumbe hata kama hakuna mwizi, mnapoingia wote kwa jina moja, siku ya msiba ushahidi haupo, na ushahidi usipokuwepo anayelaumiwa ni mdogo kuliko wote. Wiki hiyo hiyo kila mtu alipewa akaunti yake, akiihitaji nguvu ya root anatumia sudo, amri inayompa nguvu hiyo kwa kazi husika, na jina lake linabaki kwenye kumbukumbu, na mlango wa root kutoka nje ukafungwa. Utakapoufunga wewe, usifunge dirisha uliloingilia mpaka ufungue la pili na kuhakikisha unaingia; na kabla ya hapo endesha sshd -t (sshd ndiyo programu inayopokea wanaoingia kwenye seva kwa mbali) ikusomee faili lake la mipangilio kama lina kosa. Mwenzangu aliruka hatua zote mbili. Aliokolewa na dirisha langu lililokuwa wazi kwa bahati. Kuhusu saa, seva tuliiacha kwenye UTC, ila tangu siku ile hakuna anayeruhusiwa kutaja muda wa seva bila kusema ni saa ya wapi.

Jambo la pili tulilofanya lilikuwa la kipumbavu, na nafikiri kila timu hulipitia. Tuliogopa, tukaanza kutunza nakala. Kila anayegusa faili anakili kwanza. Baada ya mwezi folda ilikuwa na konfigi.bak, konfigi.bak2, konfigi-mwisho, konfigi-mwisho-kabisa, na moja iliyoitwa konfigi-USIGUSE ambayo hakuna aliyejua ni ya nani. Ungeweza kuniuliza ipi ni ya kweli nikashindwa kujibu.

Halafu nakala moja ikatuuma. Kwenye Nginx, programu inayohudumia tovuti, katika Linux za Debian na Ubuntu, folda ya sites-enabled husomwa yote: kila faili lililomo linapakiwa, liwe lako la kweli au nakala. Mtu aliacha humo nakala-tiketi.conf kando ya tiketi.conf. Mafaili husomwa kwa alfabeti, N inatangulia T, na yote mawili yalidai jina lile lile la tovuti. Nginx hushika la kwanza na kulipuuza la pili. Siku nzima tulihariri tiketi.conf, tukapakia upya, na hakuna kilichobadilika. Tukadhani ni kashe ya kivinjari, tukalaumu mtandao, tukazima na kuwasha simu. Ukiendesha nginx -t, amri ya kukagua mipangilio, ilikuwa inatuambia "conflicting server name", yaani jina la tovuti linagongana, imepuuzwa, na mstari unaofuata inasema jaribio limefaulu. Macho yetu yaliruka mstari wa onyo yakatua kwenye "successful". Kama utachukua jambo moja dogo hapa, lichukue hili: nakala usiiweke ndani ya folda ambayo programu inaisoma. Na maonyo yasome hata kama mwisho wake ni heri.

Nilianza kusoma wenzetu wanafanyaje. Nikagundua kwamba tatizo letu ni la zamani na lina dawa za zamani. Mfano mzuri uko kwenye Linux yenyewe: faili la sudoers, linalosema nani anaruhusiwa kutumia sudo, halihaririwi hivi hivi, kuna amri ya visudo. Ukilifungua kwayo, mwingine akijaribu anaambiwa lina mtu. Ukihifadhi, inalikagua kwanza. Likiwa na kosa la sarufi halipiti, inakuuliza unataka kufanya nini. Kufuli na mkaguzi, mlangoni pale pale. Ujumbe wetu wa WhatsApp ulikuwa unaigiza kufuli, na mkaguzi hatukuwa naye kabisa.

Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko la mafaili, tulikuwa tunaitumia kwa msimbo wa mfumo wetu. Sijui kwa nini hatukuwahi kuifikiria kwa konfigi. Nadhani tuliona msimbo ni kazi na konfigi ni kurekebisha tu. Linus Torvalds aliiandika mwaka 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux, kinachoguswa na watu wengi waliotawanyika duniani, ambao wengi wao hawajuani. Sisi wanne wa chumba kimoja tungetosha. Na kosa langu la alfajiri ile ndilo hasa inalolikataa: ukijaribu kusukuma kazi yako juu ya repo, yaani ghala la pamoja la mafaili, ambayo mwenzako ameshaibadilisha tangu uichukue, inakugomea. Inakutaka uchukue kwanza ya mwenzako, uziunganishe, ndipo usukume. Ningegomewa saa kumi na moja kasoro, ningeuona ufunguo mpya, ningerudi kulala.

Tuliweka sheria moja ngumu: hakuna kuhariri kwenye seva. Faili linaishi kwenye repo, mabadiliko yanapitiwa na mtu wa pili, kisha seva inayavuta. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa manung'uniko. Mwenzangu alisema nimeleta urasimu wa serikali ya mtaa, kubadili namba moja mpaka mhuri. Ana haki kiasi. Jambo la dakika moja likawa la dakika kumi na tano, na usiku wa dharura hakuna wa kukupitia. Kwa hiyo tukaacha upenyo: moto ukiwaka, rekebisha kwenye seva, lakini kabla hujalala urudishe mabadiliko hayo kwenye repo. Na kwa kuwa tunajijua, tukaandika programu fupi inayolinganisha kila asubuhi kilichopo kwenye seva na kilichopo kwenye repo, ikikuta tofauti inatuma kundini. Wiki mbili za mwanzo ililia karibu kila siku. Mara nne nilikuwa mimi.

Kwa folda nzima ya /etc, inayobeba mipangilio ya seva yote, tuliweka etckeeper, inayoifanya iwe ndani ya Git na kurekodi mabadiliko hata yale yanayoletwa na kusasisha programu. Haikutuchukua nusu saa. Ningeiweka siku ya kwanza.

Ufunguo wa siri ulitugharimu mara ya pili. Katika kuhamisha faili kwenda Git, mwenzangu aliukomiti nao, yaani aliuingiza kwenye historia ya Git. Akashtuka, akaufuta, akakomiti tena, akasema imeisha. Dogo, ambaye sasa alikuwa ameanza kurudi taratibu, akaandika git log -p akamgeuzia skrini: ufunguo huo hapo, wenye afya kabisa, kwenye historia. Kufuta kwa leo hakufuti jana, na kila aliyewahi kuchukua repo anayo jana hiyo. Suluhisho ni kuubadili ufunguo wenyewe, na ndivyo tulivyofanya, safari hii mchana na wote tukiwa macho. Siku hizi siri zinakaa faili lake, nje ya Git, linasomeka na mtumiaji wa huduma peke yake. Kwenye repo kuna faili la mfano lenye majina ya vitu na thamani za uongo, ili mgeni ajue kinachotakiwa.

Kilichopunguza ugomvi kuliko vyote, hata kuliko Git, kilikuwa kuligawa lile faili. Tulijiuliza kwa nini dada wa mahesabu anapita karibu na ufunguo wa malipo kila nauli inapopanda. Hakuna sababu. Nauli ni data, zilipaswa kuwa kwenye hifadhidata na ukurasa wake wa kuzibadilisha. Tulizihamisha, na kamisheni pia. Faili likabaki na mistari chini ya tisini na watu wawili tu wenye haja nalo. Nikisikia timu inalalamika kwamba watu wengi wanagombania konfigi, siku hizi huuliza kwanza nini kimo ndani yake.

Lakini Git haijui maana ya ulichoandika. Itaunganisha vizuri kabisa mabadiliko ya watu wawili na kukupa faili safi lenye upuuzi. Tiketi moja ya Tanga ilitoka imeandikwa: Kuondoka 390. Abiria alipiga picha akatutumia akiuliza basi namba 390 ni lipi. Mtu alikuwa ameandika muda 6:30 bila alama za kunukuu, na kisomaji chetu cha YAML, mtindo wa uandishi wa faili letu la konfigi, kinachofuata toleo la 1.1, huchukulia namba zenye nukta pacha kama hesabu ya sitini sitini: sita mara sitini, jumlisha thelathini. Ukiandika 06:30 inabaki maandishi kwa sababu imeanza na sifuri. Ukiandika 12:30 inakuwa 750. Toleo hilo hilo hugeuza neno no kuwa "siyo", ndiyo maana watu wenye orodha za nchi huikosa Norwei, ambayo kifupi chake ni NO. Aliyeligundua lile la 390 ni dogo. Aliandika jaribio la mistari ishirini linalofungua faili na kukataa muda wowote usio maandishi, na tukaliweka likimbie kabla ya mabadiliko yoyote kukubaliwa. Tangu hapo kila kosa jipya linaongezewa mtego wake humo.

La mwisho la kiufundi, maana limenisaidia mara nyingi: Nginx ukiiambia reload, yaani isome mipangilio upya bila kuzima, na faili lina kosa, inaendelea na mipangilio ya zamani kama vile hujasema kitu. Ukiiambia restart, yaani izime na kuwaka upya, inazima na haiamki. Tumia ya kwanza. Ila ujue kwamba reload iliyogoma kimya inaweza kuacha bomu kwenye diski, na litalipuka siku seva itakapojiwasha upya yenyewe, wiki tatu baadaye, wakati aliyeandika yuko likizo Moshi. Kwa hiyo nginx -t kwanza, kila mara.

Watu huniambia haya ni mambo ya wadogo wasio na pesa. Jioni ya 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilipotea kwa karibu saa sita dunia nzima, na maelezo ya kampuni yenyewe yalikuwa kwamba amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mtandao wao wa ndani, na chombo kilichopaswa kuikagua amri hiyo kilikuwa na hitilafu kikaiachia. Jioni ile nilikaa na simu isiyopokea kitu, nikamwonea huruma mtu nisiyemjua.

Dogo alimaliza chuo, akarudi kwetu kwa ajira. Mwezi uliopita nilituma mabadiliko ya muda wa kutuma ripoti kwa makampuni ya mabasi, mstari mmoja tu, nikataka upite haraka niende zangu. Akaukataa. Chini yake alikuwa ameandika: "Kaka, hii 12:00 ni ya mchana au ya asubuhi ya Kiswahili? Na ni saa ya seva au ya Sinza?"

Ilikuwa ya asubuhi ya Kiswahili. Nilirekebisha, nikasubiri anipitishe.